Uliza Fundi: Spika za marehemu mzee zinakwaruza

SWALI: Fundi habari yako. Niko Umoja, mamangu alibaki na spika mbili kubwa za mbao za marehemu baba, alikuwa anaskiza nazo rumba kila Jumapili. Saa hii ya kulia inakwaruza, besi ikiingia ndo mbaya kabisa, sauti ikiwa chini unaeza dhani iko sawa. Nilipeleka kwa fundi mmoja huko tauni akaiangalia tu juu juu akasema koili imeungua ninunue wufa mpya, ile spika kubwa ya besi. Mama hataki ata kuskia hiyo maneno. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana dada kwa kumpoteza mzee, na mwambie mama asitupe kitu bado. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, haijulikani imeungua kwa kuangalia juu juu, hilo linaniuma kila nikiliskia. Kabla hujafungua chochote zima amplifaya, zile waya za spika ya kulia ziweke kwa ya kushoto na za kushoto ulete kulia, alafu washa. Mkwaruzo ukihamia kushoto basi spika ni nzima, shida iko kwa amplifaya ama waya. Ukibaki palepale kulia, sasa ndo spika. Ni dakika mbili tu, na watu wamenunua wufa bure juu hawakufanya hiyo kitu moja.

Tuseme imebaki kulia. Toa kile kitambaa cha mbele uangalie ule ukingo laini unaoshikanisha karatasi ya wufa na chuma. Spika nyingi za zamani huo ukingo ni sponji, na sponji huoza yenyewe ata kama spika imekaa tu bila kuchezwa, miaka 15 ama 20 mara nyingi imeisha. Iguse pole pole. Kama imeoza itavunjika kama mandazi ya juzi na ikuachie unga mweusi unaonata kidoleni. Hapo karatasi imekosa kitu cha kuiweka katikati, koili inaegemea upande mmoja inasugua chuma cha sumaku, na besi ndo inaonyesha zaidi kwa sababu besi ndo husukuma karatasi mbali. Hiyo si kuungua.

Bado una shaka? Weka vidole pande zote za karatasi uisukume ndani sawasawa, bila nguvu. Ikienda kimya ni sawa, ukiskia kama mchanga ndani basi inagusa. Alafu chomoa waya moja nyuma ya wufa, upime pini zake mbili na mita ya umeme ikiwa kwa omu. Iliyoandikwa omu 8 itasoma kama 6 hivi, usishtuke, ndivyo inafaa. Isiposoma kitu kabisa kuna mahali imekatika, na ata hapo angalia kwanza kile kikamba cha waya kinachotoka kwa pini kuingia kwa karatasi, mara nyingi kimekatika hapo nje na kinalehemiwa vizuri tu.

Sponji mpya inauzwa peke yake, ulizia Luthuli Avenue hapo tauni Nairobi ukiwa umepima upana wa wufa, usiende kukisia. Kazi yenyewe iko kwa kutoa gamu ya zamani yote, hapo ndo watu hukosa subira. Hakikisha karatasi imekaa katikati kabla gamu haijashika, ukiisukuma iwe kimya, kisha iache siku nzima bila kuicheza. Na ufanye zote mbili dada, ile ya kushoto ni ya umri huohuo.

SWALI: Fundi mimi wa Kayole, twita zangu, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimeungua mara mbili mwaka huu. Ya kwanza tulikuwa na sherehe. Aliyenibadilishia alisema ile kapasita imekufa akaunganisha twita moja kwa moja. Ni twita feki ama?

JIBU: Ndugu yangu, usilaumu twita. Ile kapasita ndo inazuia besi isifike kwa twita, na koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele, besi ikiingia hapo inachomeka haraka sana. Rudisha kapasita yenye namba ileile iliyoandikwa kwa ya zamani, na iwe ya spika, isiyo na upande wa chanya na hasi. Hiyo ya kwanza ya sherehe nadhani ni amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ikizidiwa sauti inapasuka, na huo mpasuko unaenda moja kwa moja kuchoma twita, ata kama spika imeandikwa wati nyingi kuliko amplifaya. Ukiskia sauti imeanza kuwa kali na chafu, punguza hapo hapo, usingoje wimbo uishe.