Matumbawe yanastawi, mbona samaki wapya wanakufa?

SWALI: Habari yako mhariri, mimi niko Ntinda hapa Kampala, nina tangi la maji chumvi lita 200, lina miezi saba na matumbawe yanapendeza kweli, kamba wako sawa, konokono wako sawa, lakini kila nikiongeza samaki wanakufa. Naletewa na basi kutoka Mombasa, wanaingia hapa siku ya pili, nafungua mfuko nawawekea dripu, yaani maji ya tangi yanawadondokea kidogo kidogo, masaa mawili kama nilivyofundishwa. Wiki iliyopita klauni wawili na damseli mmoja walihema juu juu ya maji, siku mbili wote wameenda. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, samaki wamevuka Malaba wakiwa hai halafu wanakufia mikononi, inauma. Tangi lako silaumu, maji yangekuwa mabaya kamba wangetangulia. Mimi naona shida ni hiyo dripu.

Samaki akikaa kwenye mfuko siku nzima na zaidi, amonia yake, yaani taka ya mwili wake, inajaa humo humo, ila pumzi yake nayo inajaza kabonidayoksaidi inayoshusha pH, kile kipimo cha asidi ya maji, na pH ikiwa chini amonia haina ukali sana. Sasa wewe unafungua mfuko, ile gesi inatoka, unaongeza maji ya tangi yenye pH ya 8.2, basi pH inapanda na amonia inageuka sumu kali, na samaki bado yuko ndani masaa mawili, mashavu anayopumulia yanaungua. Ndo maana unaona anahema. Dripu inafaa kwa samaki aliyetoka duka la jirani, huyu wa basi hapana.

Halafu chumvi. Kuna wauzaji wanaofuga kwenye chumvi hafifu, 1.018 hivi kwa kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi, wakati tangi la matumbawe liko 1.025. Samaki wa bahari anavumilia kushushwa kuliko kupandishwa, ukimpandisha ghafla maji ya mwilini yanamtoka, anakauka ndani ya maji, na wewe unadhani ni ugonjwa.

Kwa hiyo kabla muuzaji hajafunga mfuko mpigie simu umuulize chumvi yake ni ngapi. Tengeneza tangi dogo la karantini, lita 40 zinatosha kwa hao wadogo, chumvi iwe ile ile ya kwake, hita kwenye nyuzi 25, vipande vya bomba la plastiki wajifiche, na filta ya sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye tangi lako kubwa ili ije na bakteria wake wanaomaliza amonia. Mfuko ukifika uelee humo ukiwa bado umefungwa, dakika 20, taa zimezimwa. Ukifungua usikawie, rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, inataka tone moja tu, pima, ukiona chumvi ya mfuko na ya karantini zinakaribiana mtoe samaki umwingize, maji ya mfuko yamwagwe yote nje. Kuanzia kesho yake pandisha chumvi kidogo kidogo, 0.001 mpaka 0.002 kwa siku, na amonia upime kila siku.

Wakae humo wiki 4 au zaidi hata kama wanakula vizuri, najua mkono unawasha. Ukiona vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, hiyo ni Cryptocaryon, kimelea cha samaki wa bahari, na dawa ya shaba (kopa) unaweka huko huko karantini, usithubutu kwenye tangi kubwa, itaua kamba na matumbawe.

Umeme nao, ukikatika pampu zinasimama na hewa inapungua majini. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, na maji chumvi yanashika pungufu kuliko maji baridi. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujaagiza samaki wengine, na safari hii agiza mmoja tu.