Kuizunguka Grenada na mwongozaji: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu Grenada, kisiwa cha kusini mwa Karibi, na ile ziara ya siku nzima ambapo watu sita mpaka kumi na wawili wanapanda gari moja na mwongozaji mwenyeji, wanazunguka kisiwa. Nimeyapunguza maswali na kuyaunganisha yaliyofanana.

Kisiwa ni kidogo. Kwa nini nisipande basi la abiria, au nikodi gari niendeshe mwenyewe? (Mombasa)

Udogo wake unadanganya. Kina urefu wa kilomita kama 34 na upana kama 18, lakini katikati kote ni milima, na Saint Catherine, mrefu kuliko yote, unafika mita 840. Wanaendesha kushoto kama kwetu, hilo halitakusumbua. Zitakazokusumbua ni kona kali, mifereji mirefu isiyofunikwa kando ya lami, na madereva wanaopiga honi kabla ya kona badala ya kupunguza mwendo.

Mabasi ya abiria ni kama matatu za Nairobi: gari dogo, namba ya njia kwenye kioo, kondakta na muziki. Panda moja kutoka mji mkuu, St. George's, hadi ufukwe wa Grand Anse, utafurahi. Ila basi halikungoji wewe utazame kakao ikianikwa, na Jumapili ni ya kubahatisha.

Faida ya kundi dogo ni kwamba mwongozaji anaweza kusimama popote. Akiona kungumanga imepasuka mtini, anaegesha, anachuma, kila mmoja anaishika. Kwa kundi la watu arobaini, nusu hawatashuka. Kwa hiyo kabla hujalipa, achana na hesabu ya vituo. Uliza mtakaa muda gani katika kila kimoja. Ratiba ya vituo tisa kwa siku moja maana yake ni kuiona Grenada kupitia dirishani. Mimi ningechukua vinne: ziwa la Grand Etang, mji wa Gouyave, shamba moja la kakao kaskazini, na maporomoko ya maji yoyote yaliyo njiani.

Nimezaliwa Kizimbani, Unguja. Viungo nimeviona tangu utotoni. Huko nitaona nini kipya? (Zanzibar)

Mimea utaijua yote: karafuu, mdalasini, manjano, tangawizi. Pengine wewe ndiye utakayemfundisha mwongozaji jambo. Kipya ni jinsi nchi nzima ilivyoegemea tunda moja. Kungumanga imo hata kwenye bendera ya taifa, na kabla ya 2004 Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa zao hilo, nyuma ya Indonesia tu.

Kisha tarehe 7 Septemba 2004 kikaja kimbunga Ivan. Kwa saa chache kiliharibu nyumba nyingi mno na kuangusha sehemu kubwa ya mikungumanga. Wewe unaujua mti huo: ukipanda leo, utangoja miaka mingi mpaka uzae vya kutosha. Kakao hurudi mapema zaidi, na wakulima wengi wakaigeukia. Ndiyo sababu ziara za siku hizi zimejaa chokoleti, na mwongozaji mzuri atakueleza hayo bila kuulizwa.

Gouyave, pwani ya magharibi, omba mkae. Katika kituo cha kungumanga cha chama cha wakulima utaona kazi ya mikono kuanzia mwanzo hadi mwisho: kukausha kwenye trei za mbao, kuvunja ganda, kutia kwenye maji ili kokwa nyepesi zielee na kutengwa, kisha akina mama wanachambua moja moja kabla ya kujaza magunia. Basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa, hushughulikiwa pembeni. Nyama ya nje ya tunda wanaifanya jemu na sharubati, nunua chupa.

Kakao utaiona vizuri Belmont Estate, katika wilaya ya St. Patrick. Mbegu huchachushwa siku kadhaa, halafu huanikwa kwenye trei kubwa zinazosukumwa juu ya reli, mvua ikinyesha zinarudishwa chini ya paa. Wafanyakazi huzigeuza kwa kutembea juu yake wakiburuza miguu. Wakikuruhusu, vua viatu ujaribu.

Sisi ni familia ya Kiislamu. Ratiba ina "kiwanda cha ramu" na "chakula cha kienyeji". Tufanyeje? (Muscat)

Nianze na chakula, maana mtego uko huko. Chakula chao cha taifa kinaitwa oil down: shelisheli, tui la nazi, manjano na majani ya callaloo (ya magimbi), vyote vinapikwa mpaka tui likauke na kubaki mafuta. Mtu wa pwani atasikia harufu ile na kutafuta sahani. Lakini kwa kawaida hutiwa nyama ya chumvi, mara nyingi mkia wa nguruwe, na vyote viko sufuria moja, kwa hiyo kuchagua vipande hakusaidii. Semeni siku mnayolipia ziara, msingoje kufika mezani. Kwa kundi dogo mwongozaji anampigia mpishi simu, inapikwa ya samaki au ya mboga tupu. Samaki hawakosekani, Gouyave yenyewe ni mji wa wavuvi.

Kiwanda kinachotajwa pengine ni River Antoine, kilichoanza 1785. Gurudumu linalozungushwa na maji bado linakamua miwa hadi leo, na hilo linafaa kuonwa hata na asiyeonja tone. Ramu yenyewe, pombe ya miwa, kali yake hufika asilimia 75, kiasi kwamba hairuhusiwi ndani ya ndege. Kama hata kuingia hamtaki, ombeni badala yake uwanja wa zamani wa ndege wa Pearls, ambako ndege zilizoundwa Urusi ya Kisovieti zinaota kutu kwenye nyasi. Watoto watapenda zaidi.

Mama yangu ana miaka 74 na goti lake ni bovu. Ataweza? (Toronto)

Ataweza, ukichagua vizuri. Grand Etang ni ziwa lililo kwenye kreta ya volkano, mita 530 juu ya bahari, na gari linafika karibu. Huko kuna nyani aina ya mona, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Waliletwa enzi za biashara ya watumwa. Mkoba wake aushike, nyani wasimpokonye. Maporomoko ya Annandale yako karibu na barabara. Maporomoko ya Seven Sisters msiende, ni matope na mawe yanayoteleza. Mwombee kiti cha mbele, maana kona zile humchefua hata kijana.

Nilisoma juu ya mauaji ya 1983. Ni adabu kumuuliza mwongozaji? (Nakuru)

Ni adabu, ila usilifungue kwa sauti mbele ya wote kama swali la mtihani. Maurice Bishop alitwaa madaraka Machi 1979, akawa waziri mkuu. Oktoba 1983 wenzake wa chama walimweka kizuizini nyumbani, umati ukamtoa, na tarehe 19 akauawa kwa risasi ndani ya Fort George pamoja na baadhi ya mawaziri wake. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaivamia nchi. Miili ya Bishop na mawaziri hao haijapatikana hadi leo.

Kwa hiyo unayemuuliza, kama ana miaka hamsini na kitu, alikuwepo. Wengine watasema Bishop alijenga nchi, wengine watakumbuka jamaa waliofungwa chini ya utawala wake, na wapo wanaoshukuru Wamarekani kuja. Uwanja wa ndege utakaotua, uliojengwa kwa msaada wa Cuba na uliomtia wasiwasi Reagan, rais wa Marekani wakati huo, tangu 2009 una jina la Bishop. Kundi likiwa dogo, mazungumzo haya huja yenyewe mchana, watu wakishakula.

Twende lini? (Arusha)

Januari hadi Mei ni kiangazi. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Vingi hupita kaskazini mwa Grenada, lakini Beryl, 1 Julai 2024, kilikibomoa vibaya mno Carriacou, kisiwa chake kidogo. Uliza pia kama kuna meli ya watalii bandarini siku hiyo. Ikiwepo, mwambie mwongozaji aanzie kaskazini, mkwepe umati wake.

Viza? (Nairobi)

Uliza uhamiaji wa Grenada kwa pasipoti yako. Wanaponaswa wengi ni njiani: ukipitia Marekani unahitaji viza hata kama unabadilisha ndege tu, na London nayo kwa kawaida itakudai viza ya kupita. Beba cheti cha homa ya manjano.

Nguo gani? (Mwanza)

Viatu vinavyoshika, koti jepesi la mvua. Na usibebe nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto: kwa raia ni kosa kisheria.