Re: Lamu hadi London, saa sita na dakika 40 au zaidi?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini tiketi ya Julai inaonyesha kuondoka Nairobi 23:30 na kufika London 06:10, ilhali mtandao unasema safari ni saa 8 na dakika 40. Vyote viwili ni sahihi. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na London iko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya joto, saa 3 majira ya baridi. Toka 23:30 hadi 06:10 ni saa 6 na dakika 40, ongeza 2, umepata jibu.

Umbali wa moja kwa moja Nairobi–London ni kama kilomita 6,800. Usiugawe kwa mwendo wa ndege ukategemea hesabu itoke sawa: njia hupinda, na kwenda huko kwa kawaida huchukua muda zaidi kuliko kurudi, kwa ajili ya upepo.

Lakini kinachonitia wasiwasi ni kipande cha kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi. Tazama kwanza unashukia uwanja gani. Ikiwa ni Wilson, itabidi uvuke mji kwa gari hadi Jomo Kenyatta, na foleni ya jioni haina huruma. Tenga saa 5 kati ya ndege mbili. Tiketi zikiwa mbili mbalimbali, ukichelewa hasara ni yako. Pima mizigo pia, ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu.

Na 23:30 ni saa tano na nusu usiku, tafadhali usichanganye.