Utando wa dawa unaooza mwilini: anza na muda

Wanaoanza kutengeneza utando wa kubebea dawa kwa polima, yaani kemikali za minyororo mirefu kama plastiki, huniuliza kila mara watumie polima gani. Mimi huwauliza kwanza: dawa yako inatakiwa itoke kwa muda gani? Wengi hawajalifikiria hilo, na kemikali wameshaagiza.

Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, huyeyuka katika maji yenye asidi kidogo ya siki, na inafaa kufunika kidonda kwa siku chache. PLGA, polima inayoungwa kwa asidi za laktiki na glikoliki, ikiwa nusu kwa nusu huisha mwilini kwa takriban mwezi mmoja hadi miwili. Ukizidisha laktiki, muda nao unarefuka. Polikaprolaktoni huweza kukaa zaidi ya miaka miwili. Ukiitia dawa ya wiki mbili humo, mgonjwa atabaki na plastiki tupu mwilini.

Angalia pia jinsi polima inavyoharibika. Polianhidridi hulika kutoka nje kwenda ndani, kama kipande cha sabuni. Ndiyo iliyotumika kwenye Gliadel, vidonge bapa vya karmustini, dawa ya saratani, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ambavyo daktari huviacha kwenye ubongo baada ya kutoa uvimbe wa saratani. PLGA hunywa maji hadi katikati yake, na asidi inayozalishwa ikikwama katikati huharakisha uozo. Kwa hiyo utando mnene huweza kuoza ndani upesi kuliko ulio mwembamba. Usidhani kuongeza unene ni kuongeza muda.

Kwenye kukausha, uvumilivu unalipa. Weka sahani uliyomimina polima na dawa vilivyoyeyushwa juu ya meza uliyoipima kwa pima maji, funika kwa faneli iliyopinduliwa ili kiyeyushi, yaani kimiminika kilichoyeyusha polima, kiondoke polepole, kisha malizia kwenye chombo cha ombwe. Utando unaopindika vizuri siku ya kwanza usikufurahishe mapema: mara nyingi ni kiyeyushi kilichobaki ndicho kinachoulainisha, na kikishatoka unakatika kama biskuti. Tena kiyeyushi hicho ni sumu. Kwa diklorometani, mojawapo ya viyeyushi hivyo, kikomo cha kimataifa katika dawa ni sehemu 600 kwa milioni.

Lakini kama utashika ushauri mmoja tu, ushike huu: pima utokaji wa dawa baada ya kuua vijidudu, kwa sababu utando utakaoingia mwilini ndio huo. Mvuke wa nyuzi 121 haufai kwa PLGA, ambayo hulegea kwenye nyuzi 45 hadi 55 hivi. Mionzi ya gama haiyeyushi kitu, ila hukata minyororo ya polima, na dawa huanza kutoka mapema kuliko ulivyopanga. Nimeona michoro mizuri ajabu ya utokaji wa dawa kwenye utando ambao haukuwahi kupigwa mionzi. Haimsaidii mgonjwa yeyote.

Pima kwenye bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7.4, nyuzi 37, kama mwilini, na ufuatilie saa za mwanzo kwa karibu. Fuwele za dawa zilizokaa juu ya uso hutoka kwa mkupuo, na kwa dawa kali mkupuo huo ni hatari.

Akiba yako ihifadhi kwenye friza, ndani ya mfuko usiopitisha hewa wenye kikausha unyevu. Ukiutoa, usiufungue hadi ufikie joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya utando na uozo utaanzia hapo mezani.