Nimuulize msimamizi au nijikaze mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama umpelekee msimamizi wako wa utafiti kila kinachokwama maabara au uhangaike mwenyewe, maana unaogopa kuonekana mzigo. Kuuliza si tatizo. Angalia unamwendea na nini mkononi.

Tuseme PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, imegoma. Ukimwambia tu "haifanyi kazi", umemkabidhi kazi yako. Lakini ukienda na picha ya jeli, ambapo DNA iliyonakiliwa huonekana kama mstari, ukamwonyesha kwamba kidhibiti chanya (sampuli inayojulikana kufanya kazi) kimetoa mstari na sampuli zako hazikutoa, ukasema unashuku DNA yako ina uchafu unaozuia PCR na unataka kuizimua mara 10 kisha urudie, hapo mnajadiliana kama watafiti wawili. Huenda akakupinga, na hapo ndipo utajifunza zaidi.

Kwa mambo madogo ya kiufundi, hangaika siku mbili tatu, halafu muulize kwanza mwenzako aliyekutangulia. Usalama, data za wagonjwa na majina ya waandishi kwenye makala usiyaamue peke yako hata siku moja, hata ukijiamini vipi.

Msimamizi naye ana wajibu kwako. Mwombe kikao cha kudumu, hata nusu saa kwa wiki, na umtumie ukurasa mmoja siku moja kabla: umefanya nini, umepata nini, unataka kufanya nini. Wasimamizi wengi hutaka kuamua kila kitu wenyewe kwa sababu hawaoni mwanafunzi amefika wapi. Mwambie waziwazi ni maamuzi gani ungependa kuanza kuyafanya bila kumsubiri, mkubaliane moja moja.