Maswali na Majibu: Mbona Gari Langu la Mbio Linaonekana Limeegeshwa?

Barua za safari hii zimekuja zikinuka petroli. Wengi mmetoka, au mnajiandaa kwenda, kwenye mashindano ya magari ya kale ya mbio, yale ambayo gari lililostahili kulala kwenye jumba la makumbusho linatolewa nje na kukimbizwa kwelikweli. Nimechagua maswali machache.

Nilipiga kwa 1/2000 ya sekunde ili gari lisitoke na ukungu. Picha ni kali kama wembe, ila gari linaonekana limeegeshwa katikati ya barabara. Nimekosea wapi?

Umesimamisha kila kitu, hata kile kilichopaswa kuachwa kiende. Tupige hesabu. Gari la kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde, na gurudumu lake, tuseme lina kipenyo cha sentimita 65, huzunguka mara 13 na ushei. Kwa 1/2000 gurudumu hilo limegeuka nyuzi mbili na nusu tu. Spoki zote zinahesabika, na jicho linajiambia gari limesimama. Shusha shata, yaani ule muda kamera inaopokea mwanga, hadi 1/125: gurudumu linageuka nyuzi 39 hivi, na spoki zinayeyuka kuwa sahani inayong'aa. Kwa 1/60 ni karibu robo ya mzunguko, na gari lenyewe limeshasogea kama nusu mita. Hapo lazima kamera iende nalo kwa mwendo uleule, ili gari litulie ndani ya fremu huku miti na watu nyuma yake wakiburuzwa kuwa mistari.

Anza na 1/250. Mkono ukikubali, 1/125, halafu 1/60. Ukianza na 1/30 siku ya kwanza utarudi nyumbani na kadi iliyojaa uji.

Gari likikujia uso kwa uso mambo hubadilika. Hakuna cha kuburuza nyuma yake, kwa hiyo 1/500 au hata 1/1000 ni halali kabisa.

Shikamoo mzee. Nikifuata gari kwa kamera, pua yake inatoka safi lakini mkia una ukungu. Mara nyingine vyote ni ukungu. Ni lenzi?

Marahaba mwanangu. Lenzi haina kosa, hebu tazama miguu yako. Watu wengi husimama wakielekea gari linakotokea, kisha linapowafikia kiuno kimekwisha kujisokota na mikono inaanza kuruka. Elekeza miguu pale unapotaka kulipiga, pindisha kiuno kulipokea likiwa bado mbali, viwiko vimebana mbavu, lifuate, bonyeza taratibu, na uendelee kulifuata hata baada ya kubonyeza. Mvuvi anayerusha wavu hasimamishi mkono wavu unapoachia. Ukisimama na kidole, picha imekufa.

Pua safi na mkia wenye ukungu ni suala la mahali uliposimama. Gari likipita mbele yako kwa mshazari, sehemu zake hazihami kwa mwendo mmoja machoni pa kamera. Tafuta mahali linapopita ubavu wazi kabisa mbele yako. Pazuri zaidi ni upande wa ndani wa kona ndefu, ambapo umbali kati yako na gari haubadiliki sana. Chagua nukta moja, kwangu mimi huwa kofia ya dereva, uigandishe alama ya fokasi hapo usiiachie. Na kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko chenye hali ya pili, ile ya kufuata kitu kinachopita, weka hiyo. Hali ya kawaida hudhani unatetemeka, inashindana nawe.

Usihesabu hasara. Kwa 1/60, mimi nikipata picha moja safi katika kumi naiita siku njema, na nimeshika kamera tangu enzi za filamu.

Mchana wa jua kali, nikiweka 1/60 picha inakuwa nyeupe pe.

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kanuni ya zamani ya jua la utosi inasema ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linabanwa), shata kama 1/100. Kwa 1/60 itabidi ubane tundu kupita f/16, na huko ndiko ukali wa picha unakopungua, na kila punje ya vumbi iliyo kwenye kihisi inajitokeza angani kama kinyesi cha nzi. Funga kichujio cheusi cha hatua tatu mbele ya lenzi, kila hatua ikikata mwanga nusu, utarudi kwenye f/7 hivi ukiwa umetulia. Ukiwa na kichujio cha kukata mng'ao, kizungushe hadi kioo cha mbele kiache kurudisha anga na uso wa dereva uonekane. Nacho hula mwanga, hatua moja hadi mbili, kwa hiyo unapata faida mara mbili.

Uzio wa waya unanikera.

Fungua tundu lote, tumia lenzi ndefu, isogeze karibu na waya kadiri wasimamizi wanavyoruhusu, na usubiri gari liwe mbali na uzio. Waya utatoweka. Weka fokasi kwa mkono mapema, kwa sababu fokasi ya kamera hupenda waya kuliko gari. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima hivyo: picha mia mbili za waya, safi ajabu.

Magari ya kisasa yana kasi zaidi. Kwa nini nihangaike na haya makuukuu?

Kwa sababu ndani yake kuna mtu, na unamwona. Tangu 2018 dereva wa Formula 1 amekaa nyuma ya upinde wa kinga, unaona kipande cha kofia tu. Gari la miaka ya 1950 limemweka dereva wima, mabega nje, kiwiko kikining'inia ukingoni. Nina picha moja ambayo gari lenyewe halina maajabu. Lakini mkono wa kushoto wa dereva umevuka juu ya wa kulia usukanini, magurudumu ya mbele yanaelekea nje ya kona huku gari likiingia ndani, na mkanda wa ngozi unaofunga boneti umelegea tundu moja. Tairi za siku hizo zilikuwa nyembamba na zilishika lami kwa shingo upande, kwa hiyo gari liliendeshwa likiteleza. Huo mtelezo wa ubavu ndio unaoutafuta, na unaonekana hata kwa kasi ambayo gari la leo lingeonekana linatembea.

Halafu kuna rangi. Kabla ya rangi za wadhamini kuingia Formula 1 mwaka 1968, magari yalivaa rangi za mataifa: kijani cha Uingereza, nyekundu ya Italia, buluu ya Ufaransa, fedha ya Ujerumani. Kamera hudanganyika nazo. Kijani kilichokoza hutoka kijivu, na fedha hutoka kama moshi. Punguza mwanga kidogo kwa gari la kijani, ongeza kidogo kwa la fedha.

Mandhari nayo ni kazi. Goodwood kule Uingereza kulikuwa na mbio kuanzia 1948 hadi 1966, na mashindano ya Revival yaliyoanza hapo 1998 huendesha magari ya enzi hiyo, tena watazamaji wengi huja na mavazi ya wakati ule. Unaweza kupiga hata kwa shata ya haraka, na aliye nyuma ya gari bado atakuwa bwana mwenye kofia ya tweed. Kwingineko kuna mabango na watu walionyanyua simu. Hapo shata ya taratibu ndiyo ufagio wako.

Nina simu tu. Na mbona magari yangu yanatoka yameinama?

Simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, toka juu kwenda chini. Mstari wa mwisho ukisomwa, gari limeshahama. Ukiilaza simu, gari linainama. Ukiishika wima, linarefuka au linafupika. Ukilifuata gari sawasawa litanyooka, na nguzo zilizo nyuma ndizo zitakazoinama.

Usione haya. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, angali kijana, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alipiga gari la mbio ambalo gurudumu lake limekuwa yai lililoinamia mbele huku watazamaji wakiinamia nyuma. Pazia la shata yake lilipita taratibu, naye alizungusha kamera ila hakulifikia gari. Leo hiyo ni mojawapo ya picha za gari zinazojulikana zaidi duniani. Tumia hali ya mkono kwenye simu, weka 1/125, na usivute karibu kwa vidole, utakata baadaye.

Naweza kuvuka kamba kidogo tu? Wapiga picha wenye vizibao vya kibali wanapita.

Hapana. Wenye vizibao wamepewa maelekezo, wanajua maeneo yaliyokatazwa, na hawayapi magari mgongo. Tarehe 11 Juni 1955, kwenye mbio za Le Mans kule Ufaransa, gari la Pierre Levegh liligonga jingine na kurukia upande wa watazamaji. Zaidi ya 80 walikufa, na yeye pia. Gari lililo kwenye mbio za kale leo ni lilelile la chuma, na tairi likichomoka haliulizi nani ana kibali. Upande wa nje wa kona, pale gari linapoelekea breki zikikataa, mimi sikai hata kukiwa na kamba, hata picha iwe tamu vipi.

Si rahisi zaidi kuongeza mistari ya kasi kwenye kompyuta?

Rahisi, ndiyo. Ila nitazame spoki, nitakujua.

Mvua ikinyesha, nirudi nyumbani?

Usithubutu. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki, toboa nafasi ya lenzi, ongeza ISO, kisha simama pale magari yanapotoka kwenye kona yakikanyaga mafuta. Maji yananyanyuka nyuma ya magurudumu kama mkia wa jogoo, taa zinajiandika kwenye lami, na dereva asiye na kioo anafuta miwani yake kwa mgongo wa glovu huku mkono wa pili ukihangaika na usukani. Ile sekunde ya kufuta miwani hurudi karibu kila mzunguko, mara nyingi mahali palepale kwenye sehemu iliyonyooka. Mzunguko wa kwanza usibonyeze, tazama tu ni wapi.