Kwa watarajali (madaktari walio mafunzoni): mfuko wa chakula uliojisokota na bandama lisilokaa mahali pake

Wadogo zangu mnaoanza zamu za upasuaji hapa Dodoma, ugonjwa huu mtakutana nao kwa nadra sana, lakini mgonjwa wake akifika hana muda wa kuwasubiri mkasome. Mfuko wa chakula ukijisokota na kukosa damu, ndani ya saa chache ukuta wake unaweza kuanza kufa, kisha ukatoboka.

Mara nyingi ni mtoto au mwanamke kijana. Muulizeni taratibu: huenda tumbo limewahi kumkamata ghafla likapoa lenyewe, akapewa dawa za vidonda vya tumbo au za minyoo, akarudi nyumbani. Safari hii maumivu yako chembe ya moyo na hayaachii. Anajikamua kutapika, yanatoka mate tu. Mpira wa puani unaoshuka hadi mfuko wa chakula ukijaribu kuupitisha, unagoma. Dalili hizo tatu Borchardt alizieleza mwaka 1904 na bado zinatusaidia, ila wengi hawaji nazo zote, watoto hasa. Msisubiri zitimie.

Mikono yenu ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko yote. Huku kwetu tumezoea bandama kubwa: malaria, kichocho, selimundu. Ukigusa uvimbe, kalamu inakimbilia kuandika "bandama limevimba". Subiri kidogo. Bandama lililokuzwa na malaria linateremka kutoka chini ya mbavu za kushoto. Ukilifuata kwa vidole kwenda juu, linapotelea mbavuni. Bandama linalohama, lile lisilokaa mahali pake, unaweza kulikuta usawa wa kitovu au chini zaidi, limejitenga na mbavu, lina ukingo wenye pengo, na wakati mwingine unalisogeza kwa mkono. Likisha kujisokota lenyewe linauma sana, kwa hiyo gusa kwa upole.

Kano zinazolishikilia bandama na mfuko wa chakula zinatokana na utando mmoja mtoto anapoumbika. Zikikosekana au zikilegea, vyote viwili hukosa mshikizo. Ndiyo maana ukimkuta mmoja wao ana kasoro, mtafute mwenzake.

Kwenye eksirei ya mgonjwa aliyesimama tazameni mfuko mkubwa wa hewa, pengine miwili yenye mistari ya maji. Kwenye fomu ya altrasaundi msiandike "tumbo linauma" mkaishia hapo; ulizeni bandama liko wapi na damu inaingia au haiingii. CT scan inaonyesha vizuri zaidi, mishipa iliyojipinda ikiwemo, lakini aliye wilayani kusiko na mashine asicheleweshwe rufaa kwa ajili yake.

Wekeni dripu, pimeni chumvi za damu, tafuteni damu ya akiba. Mpira ukigoma usilazimishwe, unaweza kutoboa. Ukipita na mgonjwa akapata nafuu, msimruhusu: mfuko uliojinyoosha leo unaweza kujisokota kesho.

Ndani ya chumba cha upasuaji, kwa kufungua au kwa kamera, mfuko unarudishwa, rangi yake inatazamwa, kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, kinakaguliwa kama kina tundu, kisha unashonewa kwenye ukuta wa tumbo. Bandama lililo hai lishikizwe upande wake wa kushoto kwa wavu au kwa kifuko cha utando wa tumbo. Inaniuma kuona bandama lililo hai likitolewa kwa haraka tu, hasa katika nchi ya malaria kama yetu, maana bandama ni kinga ya mwili. Lililokufa, hapo hakuna ubishi, litolewe.

Aliyetolewa bandama anahitaji chanjo dhidi ya bakteria wa nimokoka, meningokoka na Hib, vizuri zaidi siku 14 au zaidi baada ya upasuaji. Lakini anayetoka mbali na huenda asirudi, apewe kabla hajaondoka wodini. Mwelezeni yeye na ndugu zake kwamba homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, chandarua ni kila usiku, na kwenye cheti chake iandikwe wazi kuwa hana bandama.